The Wall ya Pink Floyd: nani hasa alijenga ule ukuta? Mimi nasema ni mama

#1 Kaseti Mbovu
Wakuu, heshima kwenu.

Nimeirudia filamu ya Pink Floyd – The Wall, ile ya Alan Parker ya 1982, iliyotokana na albamu ya 1979 ya hiyo bendi ya Kiingereza, Pink Floyd. Kwa asiyeijua: albamu ni santuri mbili, na zote mbili ni hadithi moja. Kuna mwanamuziki anaitwa Pink. Baba kafia vitani, mama kambana, mwalimu kamdhalilisha mbele ya darasa, ndoa imemvunjikia, na kila kidonda kinageuka tofali. Matofali yakitimia, jamaa yuko ndani ya ukuta na hasikii la mtu. Filamu ikachukua nyimbo zile zile ikazivalisha picha. Maneno ya kuongea ni ya kuokoteza.

Sasa hoja yangu. Ukimuuliza mtu nani alijenga huo ukuta atakwambia mwalimu, maana anaujua wimbo mmoja tu, ule wa watoto wa shule, Another Brick in the Wall. Mimi nasema ni mama. Sikilizeni wimbo wa Mother: mtoto anauliza maswali, mama anamjibu kwamba atamsaidia kuujenga. Kasema mwenyewe! Mwalimu kaleta tofali moja, mama ndiye aliyekoroga zege.

Pigeni mawe, nimevaa kofia ya bodaboda.

#2 Kiazi Kikuu
Nimetandika mkeka. Wajuvi waje.

#3 Mpita Njia wa Tabata
Mkuu, huo si Ukuta wa Berlin? Niliona picha wanapiga shoo pale pale Ujerumani, ukuta unaporomoka stejini. Mama anaingiaje hapo?

#4 Santuri 78
Mpita Njia, umeanzia mwisho. Shoo ya Berlin ni ya tarehe 21 Julai 1990, na ni Roger Waters, aliyekuwa mpiga besi na mtunzi wa Floyd, na wageni wake, wala si Floyd wenyewe, walishaachana zamani. Albamu ilitoka tarehe 30 Novemba 1979, Wajerumani bado wana ukuta wao wima.

Chanzo ni Montreal, Julai 1977. Uwanja wa Olimpiki umejaa, watu wanapiga kelele na fataki, Waters akapandwa na hasira akamtemea mate shabiki aliyekuwa karibu na jukwaa. Baadaye akajishangaa mwenyewe. Ndipo likamjia wazo la kujenga ukuta kati ya bendi na watazamaji, na kwenye shoo za 1980 na 1981 wakaujenga kweli, boksi la kadibodi juu ya boksi, mpaka bendi ikafichika.

Kwa hiyo mleta mada, jibu ni umaarufu. Mama kaingizwa baadaye kujaza hadithi.

#5 Kaseti Mbovu
Santuri, mate ya Montreal ni ya 1977. Waters kazaliwa 1943. Hiyo miaka 34 katikati nani alikuwa anamlea, shabiki?

#6 Santuri 78
Hahaha. Endelea kuvaa kofia.

#7 Mwl Chaki
Salaam. Nimefundisha sekondari miaka 22 na kila kizazi kinanipigia ule wimbo siku ya mahafali kama vile mimi ndiye niliyeandikiwa. Kwanza, watoto wanaodai hawahitaji elimu wanakanusha mara mbili kwenye sentensi moja ya Kiingereza. Kwa sarufi niliyofundishwa, kanusho mbili ni kukubali. Kwa hiyo wanaihitaji. Kesi imeisha.

Pili, nyinyi mlioona filamu mmemwangalia mwalimu vizuri? Anamnyang'anya Pink daftari, anasoma shairi lake kwa kejeli, darasa linacheka. Sawa, huo ni unyama. Lakini picha inayofuata yuko nyumbani, mezani na mkewe. Ana kipande cha nyama mdomoni, mshipa mtupu, hakitafuniki. Anakitoa. Mke hasemi neno, anamnyooshea kidole tu: kirudishe. Mzee mzima anakirudisha anakimeza. Kesho yake anamcharaza mtoto. Yule mwalimu naye yumo ndani ya ukuta wake, sema hakupiga gitaa.

#8 Kiazi Kikuu
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo mke wa mwalimu ndiye aliyejenga? Uzi unazidi kunoga.

#9 Mwl Chaki
Marahaba. Kaa chini.

#10 Bin Kizimkazi
Jamani mie nauliza tu, Freddie Mercury wetu, yule mwimbaji wa Queen, si alikuwemo kwenye hiyo filamu? Mbona hamumtaji?

#11 Santuri 78
Hapana kaka, hakuwemo. Aliyeigiza Pink ni Bob Geldof, Mwairishi wa bendi ya Boomtown Rats. Na hakuwa mpenzi wa muziki wa Floyd, ndilo la kuchekesha. Freddie na Geldof walikutana kwenye jambo lingine: Geldof ndiye aliyeandaa Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, kuchangia wenye njaa Ethiopia, na Queen ndio wakaiteka Wembley siku ile.

#12 Bin Kizimkazi
Ahsante. Basi walau nimepata kipande changu. Kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, familia ikahama 1964. Endeleeni na ukuta wenu, sisi tuna nyumba yenye bango, watalii wanapiga picha.

#13 Nyali Boy
Niwape hisia ya pwani ya huku. Nyote mwamrukia mama na mwalimu, na filamu yenyewe yaanza na baba. Kabla hata hatujajua Pink ni nani, twaoneshwa askari kwenye handaki, anawasha taa, anasafisha bastola. Huyo ndiye tofali la kwanza, na la kwanza ndilo linalobeba mengine.

Na si la kubuni. Babake Waters, Eric Fletcher Waters, aliuawa Anzio, Italia, Februari 1944. Mwanawe alikuwa na miezi mitano. Kuna wimbo umo kwenye filamu na haumo kwenye albamu ya 1979, When the Tigers Broke Free, unasimulia hivyo hivyo. Mtoto anapekua droo, anakuta waraka wa rambirambi wa mfalme umepambwa kwa dhahabu, na sahihi ya mfalme ni muhuri wa mpira.

Kisha ile ya uwanja wa watoto. Kila mtoto ana babake. Pink anamfuata mwanamume asiyemjua, anamshika mkono kama wa babake. Yule bwana anaukung'uta. Hapo nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Sababu ni kwamba babu yangu mzaa baba alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma mwaka huo huo wa 1944. Hakurudi. Nyumbani ilikuja karatasi na medali. Nyanya alikuwa akiiweka medali kwenye mkebe wa biskuti pamoja na sindano na nyuzi, na sisi wajukuu twaichezea kama pesa. Baba yangu hadi anazeeka alikuwa hawezi kumshika mtoto wake mkono barabarani. Alitembea mbele.

#14 Kaseti Mbovu
Pole sana Nyali. Hapo sina la kujibu kwa haraka.

#15 Mama wa Watatu
Samahani, naingia kwa hasira kidogo. Kurasa nzima mnamtafuta mchawi: mama, baba, mwalimu, mke wa mwalimu. Mmoja tu hamjamtaja, naye ni Pink mwenyewe.

Kaangalieni tena. Mkewe anaongea naye, yeye macho kwenye runinga. Mkewe anajaribu kumbembeleza, yeye macho kwenye runinga. Anaenda Marekani kwenye ziara, anapiga simu nyumbani, anapokea mwanaume, basi ndiyo dunia imemwangukia. Halafu chumbani kwake hotelini kaingiza nani? Msichana shabiki! Na yule binti hana kosa, anashangaa tu ukubwa wa chumba, mara jamaa anaanza kuvunja kila kitu na kutupa runinga dirishani. Mwanaume anachepuka huku analia kaachwa. Huo ukuta kajenga kwa mikono yake, mafundi wengine mnawasingizia.

#16 Mpita Njia wa Tabata
Dada umemaliza. Mods pandisheni hii juu.

#17 Fundi Redio
Mama wa Watatu, pale kwenye kuvunja chumba, Geldof alijikata mkono kweli wakati anang'oa pazia za dirisha. Kamera ikaendelea. Si kwamba namtetea, natoa taarifa.

#18 Mama wa Watatu
Angevaa glavu.

#19 Santuri 78
Nikae upande wa Mama wa Watatu nusu, maana kuna jambo halijaguswa. Pink si Waters peke yake. Nusu yake ni Syd Barrett, aliyeianza bendi kisha akili ikamtoka, watu wengi wanasema ni dawa za kulevya. Tarehe 5 Juni 1975 aliingia studio ya Abbey Road wenzake wakiwa wanarekodi, kanenepa, kanyoa kichwa, kanyoa na nyusi. Hawakumtambua. Walipomtambua, wengine walitokwa machozi. Sasa kwenye filamu, Pink anafanya nini mbele ya kioo? Ananyoa nyusi. Kwa hiyo mkisema "mama alijenga", mama yupi? Wa Waters au wa Syd?

#20 Kaseti Mbovu
Santuri, jana ulisema umaarufu, leo ni Syd. Chagua mlango mmoja.

#21 Santuri 78
Nyumba ina milango mingi, mkuu.

#22 Mluguru Halisi
Nimesoma wote. Nawaletea kisa cha Morogoro. Mimi nimekulia karibu na Mazimbu, ambako ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walikuwa na shule yao, Solomon Mahlangu. Kaka yangu alikuwa anacheza mpira na vijana wa kule, akapata kanda kutoka kwa mmoja wao, imeandikwa kwa kalamu tu, bila kava. Huo wimbo wa watoto tuliusikia kwao kabla ya kuusikia redioni.

Na kwao haukuwa na Pink ndani yake. Mwaka 1980 wanafunzi Afrika Kusini waligoma madarasa, wakauimba huo wimbo kupinga elimu ya kibaguzi, serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Yule kijana alimwambia kaka kwamba kwao ukuta una geti, na getini kuna polisi. Nilipoiona filamu miaka ya baadaye nilishangaa kukuta ni habari za tajiri mmoja kajifungia hotelini anaangalia runinga. Nilihisi kama kaibiwa mtu wimbo, ila sijui ni nani kaibiwa.

#23 Mwl Chaki
Mluguru, ahsante kwa hili. Niongeze: wale walioimba ni wanafunzi 23 wa Islington Green, shule ya serikali jijini London, jirani tu na studio ya bendi. Mwalimu wao wa muziki, Alun Renshaw, ndiye aliyewatoa darasani akawapeleka. Yaani wimbo wa kuwakataa walimu umerekodiwa kwa hisani ya mwalimu.

#24 Kiazi Kikuu
Na walilipwa?

#25 Mwl Chaki
Shule ilipewa pauni 1,000. Watoto hawakupata kitu mfukoni. Miaka mingi baadaye baadhi yao, watu wazima sasa, wakaanza kudai haki zao.

#26 Kiazi Kikuu
Basi wao ndio walihitaji elimu. Ya mikataba.

#27 Fundi Redio
Wakuu, turudi kwenye muziki kidogo. Nani ameshawahi kusikiliza sekunde za mwanzo kabisa na za mwisho kabisa za albamu, sauti ikiwa juu? Mwanzoni kuna kimuziki kidogo cha chini na mtu anamalizia sentensi. Mwishoni kabisa kimuziki kile kile kinarudi, na mtu yule yule anaianza hiyo sentensi, inakatika. Ukiunganisha mwisho na mwanzo inakamilika: anauliza kama si hapa tulipoingilia. Yaani ukuta ukianguka unaanza tena kujengwa. Ndiyo maana naona swali la nani aliujenga halina kichwa wala mkia, ni gurudumu.

#28 Kaseti Mbovu
Fundi, sasa ndo naelewa kitu. Niwape aibu yangu. Kanda yangu ya kwanza nilirekodiwa kwenye duka moja Kariakoo, na jamaa akanirekodia santuri ya kwanza tu. Santuri ya kwanza inaishia kwa Goodbye Cruel World, ukuta umekamilika, sauti inakatika ghafla. Miaka sita nimeishi najua Pink alijiua. Nilikuwa nawasimulia watu! Nilisimulia hata kwenye msiba! Siku naiona filamu kwenye video ya shemeji, wimbo ule ukaisha, nikasimama nikatafuta viatu. Shemeji akaniuliza unakwenda wapi, bado nusu.

#29 Mama wa Watatu
Nimecheka mpaka mtoto kaja kuniangalia.

#30 Nyali Boy
Na hata aliye na santuri zote mbili, filamu imemnyima. Hey You, wimbo unaofungua santuri ya pili, waliukata. Walipiga picha zake, zipo kwenye DVD, nyeusi na nyeupe, zimechoka. Mimi naona ni kosa kubwa. Ule ndio wakati Pink yupo ndani ya ukuta na anaita walio nje. Ukiutoa, mtazamaji haoni kwamba alijuta mapema. Anaruka toka ukuta kamili hadi kwenye chumba cha hoteli.

#31 Fundi Redio
Hapo sikubaliani na wewe ndugu yangu. Filamu ilishakuwa nzito, picha za wimbo ule nyingi zimetumika sehemu nyingine. Kulikuwa na ugomvi wa kutosha kwenye kuitengeneza: Waters kaandika mswada, Parker anaongoza, Gerald Scarfe anachora katuni, na kila mmoja anaona mtoto ni wake. Walirekodi hadi shoo za Earls Court za 1981 ili waziweke ndani, wakazitupa.

#32 Nyali Boy
Wewe wasema fundi, mimi nasema shabiki. Katuni ndizo zimeiokoa. Zile nyundo zinazotembea kama jeshi, sijaona mchoro unaotisha hivyo.

#33 Bin Kizimkazi
Nimeitafuta nimeitazama usiku, mke kalala. Suala dogo: hakimu kwenye ile kesi ya mwisho ni matako au macho yangu?

#34 Kiazi Kikuu
Ni matako, sheikh. Na ndiyo yanayotoa hukumu.

#35 Bin Kizimkazi
Laa haula. Hukumu yenyewe lakini ya haki: ukuta uvunjwe. Nimeona na mashahidi: mwalimu kaja, mke kaja, mama kaja. Baba hakuja. Nyali, hilo kwako halikupi mashaka?

#36 Nyali Boy
La, lanipa nguvu. Hakuja kwa kuwa kafa. Ndiyo kesi yenyewe!

#37 Mwl Chaki
Mleta mada, swali: wewe unayemtwisha mama mzigo wote, umewahi kumuonesha mama yako hii filamu?

#38 Kaseti Mbovu
Mwalimu, hujaniachia pa kukimbilia. Sijawahi. Bi mkubwa yuko kwangu wiki hii kwa ajili ya kliniki ya macho. Nitajaribu Jumamosi, nikiruka zile sehemu za aibu.

#39 Kiazi Kikuu
Tukumbushane Jumapili.

#40 Kiazi Kikuu
Leo Jumapili.

#41 Kaseti Mbovu
Nimerudi. Nilimwekea, nikawa namtafsiria. Ile ya panya alisikitika: mtoto kaokota panya mgonjwa, kamfunika kwa sweta yake, mama anamfukuza naye. Nikamwambia "unaona mama alivyo mkali?" Akasema panya ana maradhi, hata mimi ningekufukuza, na ulishawahi kuleta popo.

Kisha akanyamaza kirefu. Pale kanisani, mama anasali na mtoto anachezea kindege, akauliza, "Mume wake walimzika wapi?" Nikawa sina jibu. Akasema, mwanamke hana kaburi la mume, ana mtoto mmoja, halafu wewe unakaa kwenye simu kuwaambia watu kambana. Ulitaka amwachie nani?

Akaomba chai. Msimamo wangu bado upo, lakini kofia nimeivua kidogo.

#42 Nyali Boy
Mwambie bi mkubwa shikamoo. Na mwambie kaburi halijulikani. Jina lake limo kwenye ukumbusho wa Cassino, pamoja na wengine wasio na makaburi. Waters mwenyewe alikwenda huko Italia Februari 2014, miaka 70 baadaye, wakamuwekea babake mnara Aprilia, karibu na alipoangukia.

#43 Mama wa Watatu
Bi mkubwa kashinda. Ila ndoa ya Pink bado ni kosa la Pink.

#44 Mluguru Halisi
Mimi picha ya mwisho ndiyo inanikaa. Ukuta umelipuka, watoto wanaokota vifusi, wanapakia matofali kwenye kigari cha kuchezea. Mmoja anaokota chupa ya petroli yenye utambi, anainusa, anakunja uso, anaimwaga. Niambieni wale watoto matofali wanayapeleka wapi. Kutupa au kwenda kujengea?

#45 Fundi Redio
Kujengea. Nilishasema ni gurudumu.

#46 Mwl Chaki
Kutupa. Aliyemwaga petroli hawezi kuwa anajenga.

#47 Santuri 78
Mwalimu, petroli na tofali ni mambo mawili tofauti. Anaweza kumwaga hii akajenga na lile.

#48 Kiazi Kikuu
Tofali zikiwa nzima wangeleta huku kwetu, bei ya saruji mnaijua.

#49 Mgeni Mpya 2
Habari zenu wakuu, mimi mgeni humu, sijasoma kurasa zote. Huo si Ukuta wa Berlin?